Delta ya Rufiji: Mgeni Aje, Mwenyeji Apone

Mwaka 2024 nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2. Walio wengi walielekea kule ambako wageni wamezoea kuelekea tangu enzi za ukoloni: Serengeti, Ngorongoro, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Unguja. Wapo pia waliopanda ndege ndogo pale Dar es Salaam wakaenda Mafia kuogelea na papa potwe. Abiria wa ndege hizo aliyekaa upande wa dirisha huona kwa mbali nchi ya kijani kibichi iliyokatwakatwa na mito kama kiganja cha mkono. Huuliza jina lake, huambiwa kuwa ni Rufiji, hupiga picha moja. Kisha ndege hutua Kilindoni na habari ya delta huishia hapo.

Nchi hiyo aliyoiona ni mali ya namna yake. Mto Rufiji, unaokusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo vimejengeka visiwa vya tope na mchanga vilivyoshikwa na mizizi ya mikoko. Msitu huo una ukubwa wa hekta zipatazo 53,000, na hakuna msitu mwingine wa mikoko ulio mkubwa hivyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye karibu hekta 597,000, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Humo visiwani na kandokando yake vimo vijiji vya Salale, Msala, Mbuchi, Kiongoroni, Maparoni, Jaja, Pombwe, Saninga na vinginevyo. Vimo katika Wilaya ya Kibiti, ambayo ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010.

Si ajabu, basi, kwamba wazo la kuvifanya visiwa hivyo kuwa mahali pa utalii wa mazingira linawavutia watu wengi, maofisini na nje ya ofisi. Mwandishi wa makala haya naye analiunga mkono. Lakini analiunga mkono kwa sharti moja, nalo ni kwamba haki ya wakazi juu ya ardhi na msitu wanamoishi itangulie kuandikwa, ndipo gati, hoteli na mabango yafuate. Tukianza na hoteli tukasema kwamba mambo ya ardhi tutayatazama baadaye, tutakuwa tumewafanya wananchi wa delta kuwa wapangaji katika nyumba waliyoijenga wenyewe. Na mpangaji, kama ajuavyo kila mtumishi aliyepata kuhamishwa kituo, hana sauti siku mwenye nyumba anapopata mpangaji mwenye fedha zaidi.

Ili jambo hili lieleweke yafaa turudi nyuma kidogo. Mikoko ya Rufiji haikuanza kuthaminiwa jana. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Upana wa vyumba katika nyumba za mawe za mwambao, na za ng'ambo huko Ghuba, ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mkata miti wa Rufiji aliyezama matopeni hadi magotini, na tajiri wa ng'ambo aliyelala chini ya dari imara, walifungwa pamoja na mti mmoja, ingawa faida yake haikupata kugawanywa sawasawa.

Serikali ya Wajerumani ilipoiona mali hiyo haikukawia. Mwaka 1898 mikoko ya delta ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi, miongoni mwa misitu ya kwanza kabisa kuwekwa chini ya amri ya namna hiyo katika nchi yetu. Waingereza wakairithi hali hiyo kutoka kwa Wajerumani, nasi tulipojitawala tukairithi kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1987 ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku, mwaka 1991 ukatolewa mpango wa kitaifa wa kuisimamia, na hivi leo msitu uko mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Nia ya hatua hizi ilikuwa njema, na bila ya hatua hizo pengine tungekuwa tunazungumza juu ya mikoko iliyokwisha. Hata hivyo, zimetuachia jambo la kustaajabisha: vijiji vilivyoandikishwa kisheria, vyenye mwenyekiti, ofisa mtendaji, shule na zahanati, lakini ardhi inayovizunguka kwa sehemu kubwa imo ndani ya hifadhi ya Serikali Kuu. Mwananchi wa delta amezaliwa msituni, amezikwa babu yake msituni, na anapokata mti wa kuezekea nyumba huhesabiwa kuwa ameingia katika mali ya mwingine.

Tusifumbe macho lakini. Msitu unakatwa. Upande wa kaskazini wa delta, ambako maji ya mto ni matamu zaidi, wakulima wamekuwa wakifyeka mikoko ili walime mpunga. Shamba jipya hutoa mavuno mazuri kwa misimu michache. Kisha magugu huzidi, kaa hukata miche, na mkulima huhamia mahali pengine na shoka lake. Ofisa misitu humwita mharibifu. Yeye mwenyewe hujiita mtu mwenye watoto wa kulisha. Wote wawili wanasema kweli, na hapa ndipo utalii unapoweza kuwa na maana au ukakosa maana kabisa. Ikiwa mti uliosimama utamletea mkulima huyu kitu mfukoni kila mwaka, ataanza kuuhesabu kabla ya kuuangusha. Ikiwa mti uliosimama utaleta fedha kwa hoteli ya mtu wa Dar es Salaam au wa Ulaya, na yeye apate kazi ya kufagia ua wake, basi shoka litaendelea kunolewa, na mlinzi wa msitu atahitaji boti nyingi zaidi.

Wananchi wa delta, aidha, hawana sababu ya kuamini kwa urahisi kila anayekuja na ramani. Wasomaji wenye umri wanakumbuka mradi mkubwa wa kufuga kamba uliopendekezwa na kampuni ya African Fishing katika miaka ya 1990. Zilitakiwa hekta zipatazo 10,000 za delta kwa ajili ya mabwawa ya kamba. Wataalamu wa mazingira walionya juu ya hatari yake. Baraza la Mawaziri liliukubali mradi mwaka 1997. Palitokea mjadala mkubwa magazetini, wanavijiji wakagawanyika, na wengi wakafungua shauri Mahakama Kuu kuupinga. Hatimaye mradi haukutekelezwa. Waliousukuma walizungumza kwa maneno yale yale tunayoyasikia leo kuhusu utalii: ajira, fedha za kigeni, barabara, kuinua hali za wananchi. Kwa hiyo anayekwenda Salale leo na maneno hayo hayo asishangae akiona wazee wanamsikiliza kwa adabu na hawasemi neno.

Na tangu kabla ya hapo, mwaka 1968 na 1969, wakulima wa bonde la Rufiji walihamishwa kutoka nchi ya mafuriko kwenda juu ukingoni katika operesheni iliyotangulia kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa mahali pengi nchini. Walielezwa kuwa ni kwa usalama wao, na mafuriko ya mwaka 1968 yalikuwa ushahidi. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki kule bondeni. Watu wakawa wanatembea mwendo mrefu kwenda kulima, na nyani na nguruwe wakivuna kabla yao. Bonde si delta, na uhamisho ule si utalii. Somo lake hata hivyo ni moja kwa kila mpangaji wa maendeleo anayekaa ofisini: Mrufiji anayajua maji yake, na mpango usiomuuliza huishia kumgharimu yeye.

Swali la utalii humnufaisha nani, kwa kweli, si geni katika nchi hii. Mwaka 1970 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU pale Chuo Kikuu walizusha mjadala mkali katika gazeti la Standard, wakihoji kama nchi inayojenga ujamaa inapaswa kujenga hoteli za wageni kwa fedha za umma. Wengine walisema utalii ni utumwa mpya wa kuwatumikia matajiri; wengine wakasema nchi maskini haiwezi kukataa fedha za kigeni. Ndugu Issa Shivji aliukusanya mjadala huo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973. Hoteli zilijengwa, na baadaye zikauzwa, na siasa ya uchumi ikabadilika. Swali lenyewe halikupata jibu. Limehama tu kutoka Chuo Kikuu na sasa linasubiri kwenye magati ya delta.

Hebu sasa tutazame ni kitu gani hasa mgeni atakiendea huko, maana hapa ndipo mipango mingi hukosea. Mpango wa kawaida wa utalii huorodhesha wanyama. Ni kweli delta ina viboko na mamba, ina nyani na mbega, ina furukombe juu ya miti mikavu, na kila mwaka vitwitwi na ndege wengine wa pwani huja kwa maelfu kukwepa baridi ya Ulaya na Asia, wakala katika matope yanayoachwa wazi na maji kupwa. Lakini mgeni anayetaka kuona viboko ataambiwa aende Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 juu ya mto huo huo, na huko atawaona kwa urahisi zaidi na bila ya mbu wengi hivi. Delta haitashindana na hifadhi kwa wanyama.

Kitu ambacho hakipo pengine ni jinsi watu wanavyoishi ndani ya msitu ambao mara mbili kwa siku hugeuka kuwa bahari. Mtu wa delta hapangi siku yake kwa saa. Huipanga kwa maji. Anajua bamvua na maji mafu, anajua ni mkono upi wa mto unaopitika kwa mtumbwi saa ngapi, na mahali ambapo maji kupwa humwacha mgeni juu ya tope hadi usiku. Anaijua miti kwa majina na kwa kazi zake: mkoko wa boriti, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi, mlilana unaotoa mataruma ya vyombo, mkomafi na msikundazi wenye mbao ngumu, mchu, msinzi, kikandaa. Jamii nane za mikoko zimo humo, na katika baadhi ya vijiji hivi mtoto wa darasa la nne anaweza kuzitofautisha kwa umbo la mizizi. Ni wangapi kati yetu sisi wenye vyeti tunaoweza? Elimu hiyo ndiyo mali ambayo mgeni mwenye akili atalipa fedha ili aonyeshwe, na haiwezi kuchukuliwa na mwekezaji na kupelekwa ng'ambo, maana imo vichwani mwa watu.

Ipo pia historia, nayo ni nzito kuliko tunavyofundisha. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilikimbilia kujificha ndani ya delta. Ilikaa humo miezi mingi, huku meli za Waingereza zikilinda milango ya mto, hadi tarehe 11 Julai 1915 iliposhambuliwa na vyombo viwili vya maji mafupi, Severn na Mersey, na mabaharia wake wakaiharibu wenyewe. Mizinga yake ilitolewa ikatumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja leo unaonyeshwa katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mwingine Pretoria. Vitabu vya Wazungu vinaeleza kwa urefu ujasiri wa manahodha. Havielezi kwa urefu kama huo habari za Waafrika waliovuta kwa mabega yao sehemu za mitambo ya meli hiyo kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam ili zitengenezwe, na kuzirudisha. Masalio ya meli yenyewe yamezama topeni. Kama kijana wa Salale atawasimulia wageni habari hii, na aisimulie kwa kuanza na wale waliovuta, hiyo peke yake ingetosha kuwa safari ya nusu siku.

Tena kuna ya kale zaidi. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimbua shanga za kioo zenye asili ya Kirumi, na mwaka 1999 aliandika juu yake kuwa ni ushahidi unaoiunga pwani hii na biashara ya Bahari ya Hindi ya karibu miaka 2,000 iliyopita. Wapo wataalamu wanaofikiri kwamba Rhapta, soko kubwa lililotajwa na mabaharia wa kale, lilikuwa katika sehemu hizi. Jambo hilo bado linajadiliwa. Lakini shanga zipo.

Hapa pana faida ya kutazama jirani na mbali. Huko India, katika jimbo la Assam, kuna kisiwa cha mtoni kiitwacho Majuli, katikati ya mto Brahmaputra. Ni mojawapo ya visiwa vikubwa vya mtoni duniani, na mwaka 2016 kilifanywa kuwa wilaya kamili, cha kwanza cha aina yake nchini humo. Wageni hukiendea kwa sababu ya nyumba zake za watawa, ngoma zake, na vinyago vya kuvaa usoni vinavyotengenezwa na wenyeji. Hulala katika nyumba za mianzi zilizoinuliwa juu ya nguzo kwa ajili ya mafuriko, mfano wa zile za wakulima wa Rufiji. Mambo hayo ni mazuri. Lakini Majuli inaliwa na mto. Kisiwa kilichokuwa na zaidi ya kilomita za mraba 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, sasa hakifiki nusu ya hapo, na familia nyingi zimepoteza ardhi zao. Sifa na wageni havikuzuia udongo kwenda na maji.

Kwetu sisi hatari hiyo ipo. Delta hujengwa na tope linaloletwa na mto, na bwawa lolote hushika tope. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na taifa zima linafaidi umeme wake. Ni haki wananchi walioko mwisho wa mto nao waelezwe, kwa Kiswahili chepesi na kila mwaka, mto unaleta tope kiasi gani na maji yatafunguliwa lini. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Hakuna mwendesha utalii atakayejenga hata choo cha maana mahali ambapo hajui maji yatafika wapi, na mwanakijiji aliyepoteza mpunga wake hatakuwa na moyo wa kupokea wageni. Taarifa za maji ni sehemu ya utalii sawasawa na vitanda.

Turudi katika mifano. Unguja, katika Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, wageni hupita juu ya njia ya mbao ndani ya mikoko ya Pete, na sehemu ya viingilio hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kusini mwa pwani ya Kenya, akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao, wanapika chakula cha wageni na kusimamia mapato wenyewe. Na jirani hapo mradi wa Mikoko Pamoja, wa hekta 117 tu, huuza hewa ukaa inayotunzwa na miti, na fedha zake zimetumika katika maji na shule. Chumbe, kisiwa kidogo kilicho karibu na mji wa Zanzibar, kina vibanda saba tu vya wageni, na fedha zao husaidia kuwaleta watoto wa shule kujifunza matumbawe. Mifano hii haifanani kwa umiliki, na Chumbe ni ya kampuni. Lakini yote ni midogo, na katika yote mtu anaweza kufuata shilingi ya mgeni kwa macho tangu inapotoka mfukoni hadi inapofika. Hekta 117 za Gazi zikilinganishwa na hekta 53,000 za Rufiji ni kama ua wa nyumba. Je, tumekosa nini sisi ambacho Wakenya wa Gazi wanacho? Wana makubaliano yaliyoandikwa baina yao na idara ya misitu ya nchi yao, yanayosema nani hutunza nini na nani hupata nini.

Sheria yetu inaruhusu jambo kama hilo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua usimamizi wa pamoja wa misitu ya serikali pamoja na jamii zinazoishi kando yake. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zinakipa kijiji hadhi ya kumiliki mali, kuingia mikataba na kutunga sheria ndogo. Vyombo vipo. Kinachohitajika ni watumishi wa kuvitumia, na hapa naomba ndugu zangu wa halmashauri wasinielewe vibaya. Kazi ya kwanza haidai bajeti kubwa. Inadai kupima mipaka, kukaa na mikutano mikuu ya vijiji, na kuandika makubaliano yenye asilimia inayoeleweka. Leo mgeni anayeingia katika hifadhi ya serikali hulipa kwa namba ya malipo, na fedha huenda serikalini moja kwa moja. Utaratibu huo umeziba mianya mingi ya wizi, nasi tunausifu. Lakini usipotenga fungu la kijiji tangu mwanzo, mwanakijiji atakachokiona ni wageni wanaopita wakiwa na risiti mikononi.

Kuhusu mikutano hiyo kuna jambo dogo ambalo waliowahi kufanya kazi delta watalitambua. Mara nyingi ofisa huja na maji kujaa na hutaka kuondoka kabla maji hayajapwa, kwa hiyo mkutano wa kujadili mustakabali wa kijiji hupewa saa mbili. Hotuba huchukua saa moja. Maswali matatu yakiulizwa, nahodha hupiga mluzi. Makubaliano yanayogusa ardhi ya watoto na wajukuu hayawezi kufanywa kwa maji ya mara moja. Ofisa alale kijijini, ale kamba na ugali, asikilize jioni yale ambayo watu hawayasemi mchana. Na mkataba wowote na mwekezaji uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti mbele ya mkutano, kifungu kwa kifungu, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au dole gumba.

Haidhuru pia kusema wazi habari ya usalama, maana wageni huuliza. Kati ya mwaka 2015 na 2017 jina la Kibiti lilisikika kwa mauaji. Viongozi wa vijiji na askari waliuawa, wakiwamo polisi wanane kwa siku moja Aprili 2017, na familia nyingi ziliishi kwa hofu kutoka kila upande. Hali ilitulia, na wilaya imeendelea na kazi zake. Lakini wilaya yenye kumbukumbu kama hiyo haifai kuletewa mradi unaowapa baadhi ya watu ulaji na kuwaacha wengine ukingoni wakitazama.

Walimu nao wana sehemu yao, na pengine ndiyo ya kudumu. Mwalimu anayepangiwa shule ya kisiwani mara nyingi huhesabu miezi hadi uhamisho. Humlaumu nani? Nyumba ni mbovu, maji ya kunywa ni ya kutafuta, na mshahara huufuata kwa boti. Hata hivyo yeye ndiye mwenye kalamu mahali ambapo elimu kubwa haijaandikwa. Wanafunzi wake wanaweza kukusanya majina ya miti, ya pepo, ya vyombo na ya milango ya mto, pamoja na masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Königsberg na vya Maji Maji, ambavyo mwanzilishi wake, Kinjikitile, alinyongwa Mohoro Agosti 1905, si mbali na hapo. Daftari moja la namna hiyo kwa kila shule lingekuwa kitabu cha kwanza cha mwongoza wageni wa delta. Tukingoja kitabu hicho kiandikwe na mtafiti wa kigeni, vijana wa Msala watakuja kukariri habari za babu zao kwa Kiingereza cha mtu mwingine.

Hoteli kubwa, kwa maoni yangu, zingoje. Maji matamu ni haba, taka hazina pa kwenda isipokuwa mtoni, na jenereta moja usiku hufukuza ndege wote. Vibanda vichache vya miti na makuti, vya kijiji au vya mtu wa kijiji, vyenye neti na choo kisichomwaga mtoni, vinatosha kwa miaka ya mwanzo. Wageni wa Mafia, ambao tayari wamelipa nauli ya kufika upande huu wa nchi, ndio wa kuanza nao: siku moja au mbili za delta kwa mtumbwi, kabla au baada ya papa potwe.

Na mahali pa kuanzia papo, nako ni Nyamisati. Bandari yake imejengwa upya, na kivuko cha MV Kilindoni kinaiunganisha na Mafia. Abiria hufika hapo kutoka Bungu kwa barabara inayokaribia kilomita 40, hungoja chombo, huondoka. Wakati huo wa kungoja ni soko ambalo halihitaji mwekezaji wala upembuzi yakinifu. Lahitaji banda lenye kivuli na mabenchi, choo safi, akina mama wenye kamba wa kukaanga na chai, ubao wenye ramani ya delta na majina ya vijiji vyake, na vijana wanne au watano wa Mfisini na Salale wenye mitumbwi na maboya ya kujiokolea, walioandikishwa na serikali zao za vijiji, wakiwa na bei iliyobandikwa ukutani na daftari la mapato ambalo ofisa mtendaji hulisoma mbele ya mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Baraza la Madiwani la Kibiti linaweza kuamua jambo hilo katika kikao kimoja, na banda likaezekwa kabla ya kaskazi kuingia.